Neno la Wakili

Asubuhi, faili la kwanza.
Bi Mwanabule bint Shebwana ameshika ukingo wa kizimba
kama ashikaye ukingo wa kisima.
Anasema: Usiku ule taa ya mpwa wangu haikuzimwa.
Alikuwa akihesabu. Aliyua nyumba itauzwa
kabla sisi hatujaondoa matanga.
Ulimwona akihesabu?
Kwa mato, la. Nayua tu.

Wakili ananyanyuka, koti limemzidi mabega,
anatamka neno lake moja refu la Kiingereza,
na wote wanageuka kunitazama mimi,
mkalimani, ninayelipwa kwa mwezi
kuvusha maneno ng'ambo bila kuyalowesha.

Nasema: Dhana.
Hakimu anaandika. Dhana inafutwa.
Bi Mwanabule ananitazama
kama mtu aliyepunjwa chenji na jirani.

Saa nane, faili la pili. Neno ni lile lile,
wakili ni yule yule, sasa ameshiba.
Mdaiwa ni bwana Tawfiq Baishe,
ekari arubaini upande wa Mokowe:
hakulima hata bamia, hakujenga hata choo,
ameweka vigingi vinne na mlinzi mmoja mwenye redio,
anasubiri barabara ambayo,
lisemwalo lipo,
na kama halipo, laja,
na kabla halijaja bei imeshafika.

Dhana? Haitoshi. Dhana haina hatimiliki.
Kubahatisha? Huko ni kwa vijana na karata zao.
Kupiga ramli? Hakimu atanifukuza.
Nasema: Ulanguzi.
Chumba kizima kinavuta pumzi,
maana neno hilo kwetu linanuka magunia ya sukari
iliyofichwa mwezi mmoja kabla ya Ramadhani.

Jioni nikaifungua kamusi yangu isiyo na jalada.
Inasema neno lile, huko lilikozaliwa,
lilikuwa ni kutazama tu, kutoka mahali pa juu.
Nikacheka peke yangu.
Bibi yangu alikuwa na wikio,
chumba kilichovuka kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba,
na kidirisha kimoja cha upana wa mkate wa mofa.
Kutoka huko uso wa mtu hakuuona.
Kofia, utosi, kikapu, unyayo.
Huyu atoka kwa mke mdogo.
Huyu amefilisika, tazama kisigino cha kiatu.
Nusu aliiona, nusu akaijaza,
na nusu ya kujaza ndiyo iliyokuwa tamu,
na mara moja, mara moja tu,
ilivunja ndoa ya watu.

Sasa niseme nisilolisema mahakamani.
Ninacho kiwanja. Nambari yake naijua kwa moyo,
mahali pake sijapaona.
Tulichanga wanne, makarani watatu na mimi,
tukauziwa na mtu mwenye ramani kwenye simu:
mbuzi ndani ya gunia, nasi tukazisifu pembe.
Kenda zilikuwa mkononi;
nikazifuata kumi za nenda uje.
Kipo upande ule ule. Nasubiri barabara ile ile.
Yule bwana nimemwita mlanguzi, na sauti haikutetema.
Changu mimi nakiita akiba.

Nilisahau: mchana, nikifunga kiatu pale ngazini,
Bi Mwanabule alinishika mkono.
Mwanangu, yule wa koti alisema nni?
Alisema usidhani, Bi.
Akacheka mpaka buibui likamteleza.
Nisidhani? Na samaki nitamnunuaje?
Akafunua kikapu, changu wawili,
akainua shavu la mmoja kwa ukucha, akanusa,
kisha akanitazama mimi, muda mrefu,
akafunika.

Wewe una kiwanja, akasema.